Kukata mstari na kukunja mstari: kwa wanaoanza kuandika nyaraka za programu

Ndugu mnaoanza kuandika nyaraka katika faili za maandishi matupu, kwa mfano za Markdown (maandishi yenye alama chache za kuyapanga), ninawaomba kwanza mtofautishe kukata mstari na kukunja mstari. Kukata ni kubonyeza Enter katikati ya aya, au kukiachia kihariri, yaani programu ya kuandikia, kifanye hivyo kila mstari unapofika herufi ya 72 au ya 80, na alama ya mstari mpya ikabaki ndani ya faili. Kukunja ni kazi ya skrini tu: maneno hushuka yanapofika ukingoni, ilhali ndani ya faili mstari ni uleule mmoja.

Kipimo cha 80 kilirithiwa. Kadi za kutoboa ambazo IBM ilizitoa mwaka 1928 zilikuwa na safu 80, na skrini ya VT100 ya mwaka 1978 nayo ilionyesha mistari 24 ya herufi 80. Anayefungua faili iliyokatwa kwa kipimo hicho kwenye simu leo huona mstari mrefu ukifuatwa na kipande cha maneno mawili, kisha mrefu tena.

Hasara kubwa nimeiona katika Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, ambayo hulinganisha matoleo ya faili mstari kwa mstari. Niliwahi kurekebisha neno moja mwanzoni mwa aya ndefu, kisha nikakiamuru kihariri changu, Vim, kipange aya yote upya. Kila mstari ukaonekana umebadilika, na mwenzangu aliyekagua hakugundua kwamba humo nilikuwa nimeandika “itafuta” mahali pa “haitafuta”. Kiswahili hubeba ukanushi katika silabi moja, na silabi hiyo hupotea kwa urahisi mno katika rundo la mabadiliko yasiyo na maana. Utafutaji nao huharibika: grep, programu ya kutafuta maneno ndani ya faili, husoma mstari mmoja mmoja, hivyo “nakala” ikiishia mstari huu na “rudufu” ikaanza unaofuata, hutaipata “nakala rudufu”.

Tangu siku hiyo ninaandika kila sentensi katika mstari wake, kama Brian Kernighan, mtaalamu wa kompyuta, alivyowashauri waandishi waliotumia mfumo wa Unix mwaka 1974, na kukiachia kihariri kiikunje. Kwa kawaida Markdown huligeuza badiliko la mstari ndani ya aya kuwa nafasi, mradi usiache nafasi mbili mwishoni. Hata hivyo, yapo majukwaa yanayolionyesha kama lilivyo, kwa hiyo jaribuni kwanza.

Ujumbe wa komiti, yaani maelezo mafupi yanayoambatana na kila badiliko linalohifadhiwa katika Git, ni suala jingine. Huo ukateni kwenye herufi ya 72, kwa sababu git log, amri inayoorodhesha komiti, huusogeza ndani kwa nafasi nne bila kuupanga upya. Na mkijiunga na mradi ambao tayari hukata mistari, fuateni desturi yake. Mkikubaliana kuibadilisha, upangaji upya uwe komiti ya peke yake, isiyogusa neno hata moja.