Je, kujiwekea mpaka wa matumizi ni kukata udugu?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni kijana wa Lamu, nina mke na mtoto, naendesha boti ya mtu, navusha wageni Shela na Manda. Msimu wa kaskazi pesa huingia. Kusi ikivuma kazi hupungua sana. Nia yangu ni kununua boti yangu mwenyewe, lakini kila nikiweka akiba huzuka mchango wa harusi, au binamu huja na shida zake. Juzi nilikopa kwenye simu ili nitoe mchango, na sasa nadaiwa pamoja na ziada. Nikisema nitatoa kiasi fulani tu kwa mwezi, mama huniambia nakata udugu. Je, napata dhambi?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah, mwanangu. Hupati dhambi. Udugu hukatwa kwa kususa, kwa kuwekeana kinyongo, kwa kumwacha jamaa na njaa ilhali chakula unacho. Kupitwa na mchango wa harusi hakumo humo.

Fungua Suratul Israa. Aya ya 26 inaamrisha jamaa apewe haki yake, pamoja na maskini na msafiri, na papo hapo inakataza ubadhirifu. Ya 29 inakataza mkono uliofungwa shingoni, na inakataza vilevile mkono uliokunjuliwa wote hadi mtu akabaki analaumiwa, hana kitu. Hizi twazisikia sana mimbarini. Ya 28, iliyo katikati yake, haitajwi sana, nayo ndiyo yako: ukiwa huna cha kuwapa, nawe wangojea rehema ya Mola wako, basi waambie maneno laini. Mwenyezi Mungu anajua kuna siku jamaa atakuja na mkono wako hautafika, akakufundisha la kusema.

Na la kusema lisiwe uongo. Hapa ndipo wengi wetu twaponzeka: mtu asema "sina" na pesa zimo kwenye simu, kwa kuona haya tu. Mwambie binamu yako, "Mwezi huu nimeshatoa kadiri yangu, zilizobaki zina kazi. Lakini siku ya harusi nitafika alfajiri, tupike pilau pamoja." Kisha ufike kweli. Udugu huungwa kwa miguu na mikono pia.

Kuhusu akiba, Bukhari amepokea kutoka kwa Umar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiuza tende za mitende ya Bani Nadhir, kabila la Kiyahudi la Madina, akiwawekea watu wake chakula cha mwaka. Naye ndiye aliyemtegemea Mungu kuliko sisi sote! Kwa hivyo pesa za kaskazi zikiingia, anza kutenga unga, mchele na kodi ya miezi ya kusi. Katika Sahihi Muslim Mtume amesema uanze na nafsi yako, kikizidi kiwe cha watu wako, kikizidi tena kiwe cha jamaa zako. Kiwango cha michango kipange baada ya hapo, upange wewe na mkeo mapema, kabla ya kadi za harusi kufika.

Lakini boti ingoje kwanza. Mkopo ule unaolipwa kwa ziada ni riba, na kuuchukua kwa ajili ya kuonekana harusini ni msiba juu ya msiba. Tubia, ulipe deni lote, usikope tena hivyo. Harusi haikulazimu, deni linakulazimu.

Akiba ya boti nayo ina zaka. Ikifika nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka (thamani ya gramu 85 za dhahabu), na ikapitiwa na mwaka wa Kiislamu, toa asilimia 2.5, hata kama umeiwekea nia. Binamu yako akiwa fukara kweli, nawe hulazimiki kumlisha, unaweza kumpa yeye zaka hiyo. Utapata thawabu ya sadaka na ya kuunga udugu. Mama usimpe zaka. Akihitaji, matumizi yake ni wajibu wako na yaingie kwenye hesabu kabla ya mchango wowote. Kaa naye, umweleze habari ya boti na deni la simu bila kumficha. Huenda hajui kwamba mchango ule uliutoa kwa mkopo.

Wallahu a'lam.