Jibu: Marekebisho yako kuhusu Tanzania yanafutwa

Ndugu yangu, nimekuelewa: Wikipedia imeandika Tanzania ina watu milioni 44.9, umerekebisha mara tatu, wamefuta, nawe unaona ni upendeleo. Nami yalinikuta. Ile ni namba ya sensa ya 2012, imepitwa tu na wakati. Weka 61,741,120 ya sensa ya 2022, na utaje ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Bila chanzo watafuta tena.

Upendeleo hasa umejificha kwenye maneno. Kisukuma kuitwa "lahaja" wakati ni lugha kamili, hapo ndipo pa kukomalia! Anzia ukurasa wa majadiliano, kwa upole. Ukirudisha marekebisho yako kwa nguvu unaweza kufungiwa. Na usinakili vipeperushi vya utalii, navyo vina upendeleo wao.