Mtu ambaye hakuwa kwenye karatasi

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Unapoamua utampigia nani kura ya urais, huongozwa zaidi na sera, chama au kabila?" Nimelisoma tena na tena na kila mara nakwama kwenye hayo majibu matatu. Chama hakiwezi kuwa jibu langu. PNU ya Kibaki iliundwa Septemba 2007 tukapiga kura Desemba. TNA ya Uhuru Kenyatta ilitupa rais 2013 na kufikia 2016 ilikuwa imevunjwa. Sera nitazirudia baadaye. Lakini hilo la kabila limenichoma, kwa sababu mimi ni mtu wa Kirinyaga, eneo la Mlima Kenya, na kila uchaguzi ukikaribia nawasikia wachambuzi wakituita kapu la kura, kana kwamba kuna mtu mmoja anayetubeba akatumwage anakotaka.

Kwa hivyo nitajibu swali ambalo liko jirani na lenu. Mpiga kura anapoweka alama kwenye karatasi ya urais, huwa anamjibu nani? Mimi nimeona, angalau huku kwetu Mlimani, kwamba mara nyingi anamjibu mtu ambaye jina lake halimo kwenye karatasi hiyo.

Tazameni 2002. Moi alituletea Uhuru Kenyatta, na Mlima ukamkataa mtoto wa Mzee Kenyatta, ukajiunga na nchi nzima kumpa Kibaki asilimia 62. Waliokuwa wakijibiwa siku hiyo ni Moi na miaka yake 24. Mwaka wa 2013 Uhuru yuleyule, akiwa na Ruto na mashtaka ya ICC, ile mahakama ya kimataifa ya The Hague, mabegani, alishinda kwa asilimia 50.07. Mnakumbuka yale maneno ya Johnnie Carson, mwanadiplomasia wa Marekani, kwamba uamuzi wetu ungekuwa na matokeo yake? Huku nyumbani watu waliyasikia kama amri, wakaamka saa nane za usiku kupanga foleni ili waijibu The Hague. Halafu 2022, Uhuru akiondoka, akatuonyesha Raila. Uhuru naye akakataliwa kama Moi alivyokataliwa, na watu walewale ambao alidhani ni wake. Kibaki ndiye rais pekee aliyestaafu bila kutuambia hadharani tumfuate nani, na labda alituelewa kuliko wenzake.

Kisa cha 2022 nakijua kwa karibu, kwa hivyo mniruhusu nikae hapo.

Nilikuwa nimeenda kwa shangazi yangu, si mbali na Kutus. Ana duka mbele ya nyumba, lile la dirisha la vyuma, na sebule iko nyuma yake, hivi kwamba mteja akigonga kaunta wakati wa habari mmoja wetu huinuka kumhudumia kisha anarudi kuuliza amekosa nini. Jumanne usiku, Julai 19, tuliketi kutazama mdahalo wa wagombea wenza, Martha Karua wa Azimio ya Raila na Rigathi Gachagua wa Kenya Kwanza ya Ruto. Kulikuwa na shangazi na mumewe, binamu yangu wa bodaboda, jirani anayeuza mitumba sokoni, na cucu, yaani nyanya yetu, ambaye alikuwa akitafsiriwa Kiingereza cha runinga jibu baada ya jibu.

Kirinyaga ni nyumbani kwa Martha. Alikuwa mbunge wa Gichugu kuanzia 1992 hadi 2013, na mle sebuleni hakuna aliyemwita Karua, alikuwa Martha tu, kama unavyomwita mtu mliyesali naye kanisa moja. Alijibu kwa mpango, bila kupandisha sauti, wakili wa kweli. Mpinzani wake wakati huo alikuwa na kesi ya ufisadi mahakamani, ambayo iliondolewa Novemba mwaka huohuo, na kila suala la ufisadi lilipotajwa shangazi alikuwa anasogea mbele ya kiti. Mwishoni cucu akauliza nani ameshinda. Binamu akamwambia, "Ni Martha, cucu." Wote tukakubali, hata mzee, mume wa shangazi, ambaye kwa kawaida hakubali jambo kabla ya kulipinga kwanza.

Cucu akauliza tena, "Kwa hivyo mtampigia?"

Binamu akasema hapana. Jirani akasema hapana. Mzee akasema maneno ambayo bado ninayo: "Martha hatumkatai. Tunamkataa aliyemtuma." Alimaanisha Uhuru.

Ndipo kila mmoja akatoa hesabu yake, na ni hesabu kweli, kwa shilingi. Binamu alianza na kafyu, iliyoanza Machi 27, 2020 ikaondolewa Oktoba 20, 2021. Pesa yake nzuri ilikuwa ya usiku, kuwarudisha nyumbani wafanyakazi wa mikahawa na baa. Pikipiki ilikuwa ya mkopo, na mkopo haukuwa na kafyu. Ilichukuliwa, akakaa miezi akiendesha ya mtu mwingine na kupeleka hesabu kila jioni. Jirani alikumbuka serikali ilivyopiga marufuku uingizaji wa mitumba mwaka huohuo wa 2020, karibu miezi mitano, na yeye ana watoto shuleni na robota moja la nguo za watoto ambalo halikuisha kwa sababu wateja nao hawakuwa na pesa. Mzee alikuwa na mbolea. Mfuko wa kilo 50 ulikuwa umepita shilingi 6,000, na mahindi aliyopanda msimu huo alipanda bila mbolea, akayatazama yakibadilika rangi yakiwa bado chini ya magoti. Aliongeza pia ile ahadi ya Uhuru ya miaka "kumi yangu, kumi ya Ruto" na salamu zake na Raila za Machi 2018. Alisema kwamba kwa miaka mingi aliambiwa Raila haguswi, na sasa mtu yuleyule aliyemwambia hivyo anamwamuru ageuke bila hata kumweleza kwa nini.

Shangazi peke yake hakuwa ameamua. Alimtaka Martha. Alisema hataki kufa kabla ya kuona mwanamke katika afisi ile, tena mwanamke wa kwetu.

Kesho yake, Jumatano, Uhuru akatangaza kwamba pakiti ya unga ya kilo mbili itauzwa kwa shilingi 100, kutoka 205. Ilikuwa wiki tatu kabla ya uchaguzi. Shangazi alikuwa na marobota ya unga aliyonunua kwa muuzaji wa jumla kwa bei ile ya zamani, pakiti 12 kila robota, yamepangwa nyuma ya mlango. Alhamisi asubuhi watoto wakaanza kuja na noti ya mia mkononi. Akawarudisha. Baada yao wakaja mama zao. Mmoja, mtu ambaye shangazi amemkopesha sukari na mafuta kwa miaka, alimwambia mbele ya watu kwamba anaficha unga wa serikali. Shangazi akafunga duka, akapanda bodaboda hadi Kutus kuutafuta huo unga wa mia, akazunguka maduka ya jumla yote anayoyajua na hakuupata. Aliporudi alikata upande wa katoni ya sabuni, akaandika kwa kalamu nene, "UNGA WA 100 HAUJAFIKA", akautundika kwenye vyuma vya dirisha, karibu na mizani. Unga wake mwenyewe hakuuza siku hiyo. Aliogopa kutajwa.

Agosti 9 usiku alinipigia simu, na bila mimi kumuuliza akaniambia amempa Ruto. Akasema Martha atamweleza mwenyewe siku wakikutana.

Sasa niambieni hiyo ni nini kati ya yale matatu. Kabila? Wagombea wenza wote wawili walikuwa Wakikuyu, wa kaunti zinazopakana, na wagombea urais wao, Raila na Ruto, hakuna hata mmoja aliyekuwa wa kwetu. Chama? UDA ya Ruto ilikuwa changa sana. Ubora wa mgombea? Tulikubaliana wote nani alikuwa bora katika ule mdahalo, na Ruto akashinda Kirinyaga kwa mbali, nyumbani kwa Martha. Katika nchi nzima tofauti ilikuwa kura 233,211, kwa hivyo msidhani sebule kama ile hazikuhesabika.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa na hasira na kura ya namna hiyo, na sababu ninazo. Unayemtumia kumwadhibu mwenzake haondoki kazi ikiisha. Anabaki Ikulu miaka mitano. Uhuru alienda nyumbani kwake, na sisi tukabaki na Sheria ya Fedha ya 2023, ushuru wa mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na makato ya nyumba ya asilimia 1.5. Mwaka uliofuata ukaja mswada uliotaka kutoza mkate ushuru, vijana wakaingia Bunge Juni 25, wengine hawakurudi nyumbani, na kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Oktoba 2024 Gachagua naye akang'olewa, na Mlima sasa una kidonda kipya. Nilitaka kuwaambia wasomaji wenzangu kwamba tuache kupiga kura kwa uchungu, tukae chini, tusome ilani.

Lakini nimefika hapa na sina uhakika tena kwamba hilo ni jambo la haki kumwambia mtu. Ilani zilikuwapo 2022. Azimio iliahidi shilingi 6,000 kila mwezi kwa familia maskini, Kenya Kwanza ikaahidi shilingi bilioni 50 kila mwaka za kukopesha wafanyabiashara wadogo. Binamu yangu angejuaje Hazina ina uwezo gani? Mimi niliyesoma nilijuaje? Hata wanauchumi walibishana. Alichokijua bila kuambiwa na mtu ni kafyu ilimgharimu nini. Hilo alilipima mwenyewe, kila jioni, kwa miezi mingi. Na uchungu wa mzee haukwenda bure, lazima niseme hivyo hata kama mambo mengine yaliharibika: Septemba 13, siku ya kuapishwa, Ruto alitangaza mbolea ishuke kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500. Mtu aliyepiga kura kwa sababu ya mahindi ya manjano alipata jibu la swali lake. Nikimtazama hivyo, sioni tena mtu aliyeongozwa na hasira tupu. Naona mtu aliyekagua vitabu vya miaka mitano kwa njia aliyoiweza.

Kuna mipaka, nami naishikilia kwa nguvu. Uchungu wa mpiga kura uwe kwa mtu aliyeshika madaraka, kwa jambo alilolitenda. Ukielekezwa kwa jamii, tunarudi 2007, kwenye zile hesabu za "41 dhidi ya 1", makabila mengine yote dhidi ya moja, na Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi, ikaishia kuorodhesha vifo 1,133. Uwe pia uchungu wako mwenyewe. Mbolea ya mzee ilikuwa yake. Ule wa salamu za 2018, naamini nusu yake aliuokota kwenye mikutano ya kampeni, na uliosalia ulikuwa wa miaka mingi ya kufundishwa kumwogopa Raila, mtu ambaye hakuwahi kumtendea lolote. Ninaandika haya pia nikijua nasema habari za Mlima. Msomaji wa Siaya aliyempigia Raila tangu 1997 ana maelezo yake kuhusu kungoja, na si mimi wa kuyatoa.

Raila alifariki Oktoba 2025. Uchaguzi wa Agosti 10, 2027 utakuwa wa kwanza tangu vyama vingi virudi ambao hatakuwemo kwa namna yoyote, na sijui watu wa kwetu waliozoea kupiga kura wakimtazama yeye wataanzia wapi. Jambo jingine ni kwamba Rais aliyepo ana haki ya kugombea muhula wa pili. Akigombea, yule anayejibiwa atakuwa kwenye karatasi, jina na picha, na haitakuwa lazima kumchapa mtu mmoja kwa kumtumia mwingine.

Nitakavyofanya mimi ni hivi. Nitaanza na miaka mitano iliyopita, niandike ilichofanya nyumbani kwangu na kwa shangazi, mazuri na mabaya, mbolea ikiwemo. Halafu nitasoma ilani, si kwa kutafuta ya kupenda, bali kuwaondoa wanaoahidi kisicholipika. Nitakayembakisha ndiye wangu, hata akiwa hawezi kufikia asilimia 25 katika kaunti 24 zinazotakiwa na Katiba. Najua wengi watasema hiyo ni kura ya kupoteza. Inawezekana, na duru ya pili ikitokea nitalazimika kuhesabu upya.

Kwa hivyo mhariri, mkijumlisha majibu ya wiki hii, langu liwekeni kwenye sera. Najua nimetumia barua nzima kuonyesha kwamba watu hawapigi kura kwa sera. Ila kafyu, marufuku ya mitumba na unga wa mia ambao haukufika zilikuwa sera, na watu wa sebule ile walizisoma kuliko mtu yeyote aliyezichambua kwenye runinga.