Mwache mtoto aulize jiwe kwanza

Nilianza vibaya. Binti yangu alipotimiza miaka sita nilitundika ukutani chati ya miamba, nikaanza kumkaririsha: miamba ya moto, miamba tabaka, miamba geu. Siku ya tatu aliishusha, akaigeuza na kuchora farasi upande wa nyuma. Sikumlaumu. Majina yale yalikuwa majibu ya maswali ambayo hakuwahi kuyauliza.

Swali lake la kwanza lilikuja wiki kadhaa baadaye, tumekaa kando ya mto. Alikuwa na mawe mawili mkononi: kwa nini hili limeviringana kama yai na hili lina ncha za kuchoma? Jibu nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza. Tuliporudi nyumbani tulitia vipande vinne vya sukari ya mraba kwenye chupa yenye mdomo mpana, tukaifunga, akaitikisa mara mia. Tulipofungua, pembe zilikuwa zimelika na chini kumejaa unga. Akatazama kidogo, kisha akauliza: "Sasa unga wa mawe ya mto uko wapi?"

Swali hilo likatupeleka kwenye jaribio ninalolipenda kuliko mengine yote, na halihitaji kununua kitu. Chukua chupa inayoonyesha, tia udongo uliochanganyika na kokoto na mchanga, jaza maji, tikisa, kisha iache mahali ambapo haitaguswa. Kokoto na mchanga hutua mara moja. Chembe laini zaidi huchukua saa nyingi, na udongo wa mfinyanzi unaweza kuyafanya maji yawe na ukungu kwa siku kadhaa. Maji yakitulia, ongeza polepole udongo wa rangi nyingine. Kabla ya kuumwaga, mpe mtoto kombe dogo la konokono alilaze juu ya tabaka la kwanza. Halafu muulize swali moja tu: kati ya matabaka haya, lipi ni la zamani zaidi?

Nicolaus Steno, mwanasayansi wa Denmark, aliandika kanuni hiyo mwaka 1669: tabaka la chini lilitangulia, la juu likafuata. Mtoto wa miaka saba anaifikia mwenyewe akiwa ameshika chupa. Ukimwambia kwamba matope ya namna hiyo, yakilemewa na mengine juu yake na kugandishwa na madini yaliyoletwa na maji, hugeuka mwamba, haoni ajabu. Na lile kombe lililofukiwa? Kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhiwa mwambani, ameshakielewa kabla hujamtajia neno lenyewe.

Kuhusu ule mlima wa karatasi unaotoa povu la siki na magadi soda: watoto wanaupenda, nami nimeshautengeneza mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Lakini unafundisha kemia ya jikoni zaidi kuliko volkano. Afadhali chupa ya soda iliyotikiswa, ifunguliwe nje. Gesi ilikuwa imeyeyuka ndani ya kinywaji kwa sababu ya mgandamizo. Kifuniko kikilegea, mgandamizo unashuka, gesi inatoka kwa kasi na kusukuma kila kitu juu. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, inapopanda kuelekea juu, gesi zilizomo ndani yake hufanya vivyo hivyo.

Siki itunze kwa kazi nyingine. Kwaruza jiwe la chokaa kwa msumari upate unga kidogo, kisha dondoshea siki: litatoa viputo. Dondoshea na kombe la konokono: viputo vilevile. Mwanangu wa kiume, ambaye alikuwa na miaka mitano na hakuwa akisikiliza kabisa, aliinua kichwa akasema, "Kwa hiyo hili jiwe ni konokono?" Alikaribia ukweli kuliko chati yangu. Mawe mengi ya chokaa yametokana na makombe na mabaki mengine magumu ya viumbe wa baharini.

Hapo ndipo nikawaambia kuhusu kilele cha Everest. Kiko mita 8,849 juu ya usawa wa bahari, na mwamba wake ni chokaa iliyotandikwa chini ya bahari, yenye mabaki ya viumbe wa maji ya chumvi. Kimya kikatanda. Sakafu ya bahari imefikaje huko? Tulilaza vitambaa viwili mezani tukavisukuma vikutane, vikajikunja na kuinuka. Ganda la dunia limegawanyika katika mabamba, na bamba lenye India lilianza kuigonga Asia yapata miaka milioni 50 iliyopita. Mabamba husogea sentimita chache tu kwa mwaka, karibu sawa na mwendo wa kucha zinavyoota.

Kosa moja ilibidi nirudi kulisahihisha. Niliwaambia kwamba chini ya ganda kuna bahari ya moto. Si kweli. Tabaka lililo chini ya ganda karibu lote ni mwamba mgumu, ila ni wa moto kiasi kwamba hujongea polepole mno. Mshumaa ulioegemezwa mahali penye joto hupinda bila kuyeyuka. Mfano huo uliwatosha.

Kigumu kuliko vyote ni muda. "Milioni" kwa mtoto ni neno la kumaanisha "nyingi" tu. Tulichukua kamba ya mita 46, kila mita ikawa miaka milioni 100, tukaitandaza uwanjani. Mwanzo wa kamba, dunia inaumbika. Dinosaria wakubwa walitoweka sentimita 66 kabla ya mwisho. Sisi binadamu tuna takriban milimita tatu. Binti yangu alilala kifudifudi kwenye nyasi kuzitafuta hizo milimita tatu.

Mkivunja mawe, vaeni miwani ya kukinga macho, na msikae chini ya kingo zinazomeguka. Kila jiwe liandikwe lilikookotwa.

Juzi mdogo wa binti yangu aliniuliza Everest utaisha lini. Nikamjibu kwamba Himalaya, safu ya milima yenye Everest, bado inasukumwa juu milimita kwa milimita, na wakati huohuo barafu, mvua na mito inaikwangua. Akafikiri kidogo, kisha akaenda kuleta chupa ya sukari.