Njiti wako kawekewa CPAP? Usiiogope mashine, ila ijue

Kuna maneno lazima utayasikia ukiwa na mtoto njiti wodini, tena kutoka kwa watu wanaokupenda kabisa, shangazi, mama mkwe, jirani wa kitanda cha pili: "huyo akishawekewa oksijeni ndo basi tena." Mi niliambiwa na mtu ninayemuheshimu mpaka leo, na kuna baba mmoja pale wodini aligoma kabisa mwanae asiwekewe mipira puani mpaka dokta akaja kukaa nae chini. Uoga unakotoka naelewa. Mashine wanawekewa watoto ambao tayari hali zao mbaya, baadhi yao wanafariki, bas watu wanaona mashine ndo imeua.

Wangu alizaliwa wiki ya 30, kilo moja na kidogo, mbavu zinaingia ndani kila akivuta hewa na kila akitoa pumzi anaguna. Mtoto wa umri huo mapafu yake hayajatengeneza vya kutosha ule ute unaozuia vifuko vya hewa visigandane, yani fikiria rambo za zamani zile ikilowa maji, kuta zikishashikana kuzibandua ni kazi, sa yeye anatakiwa azibandue kila pumzi, usiku na mchana. Anachoka. CPAP, hiyo mashine ya mipira puani, inasukuma hewa kidogo kidogo muda wote ili vifuko visijifunge, ila anayepumua ni mtoto mwenyewe. Ventileta ni kitu kingine, ule mpira unapita mdomoni mpaka kwenye njia ya hewa na mashine ndo inapumua kwa niaba yake, na hiyo ndo yenye hatari zaidi ya kuumiza mapafu na kuleta maambukizi, kwahiyo mtoto akiwahishwa CPAP mara nyingi hata huko ventileta hafiki.

Wanaosema mashine inaua huwa nawapa habari ya mtoto wa Rais Kennedy wa Marekani, Patrick, alizaliwa Agosti 1963, kilo 2 na kitu, mkubwa kuliko wangu, na alikufa siku mbili baadae kwa tatizo hilihili la mapafu. Mtoto wa rais! Hela ipo, madokta wapo, CPAP ya watoto ndo haikuwepo, ilikuja kutangazwa 1971 na kina dokta George Gregory kule San Francisco.

Sa nisiwadanganye, mashine ina madhara yake, na mengi yanatokana na vitu vidogo ambavyo mama unaviona kabla ya nesi kwasababu nesi ana watoto kibao na we unaye mmoja. Hizi za mapovu, ambazo ndo utazikuta hospitali nyingi za kwetu, zina chupa ya maji na mpira umezamishwa ndani. Kina cha ule mpira ndo presha yenyewe, mara nyingi wanaanzia sentimita 5 au 6, ukizama sana hewa inazidi na pafu linaweza kutoboka. Maji yanatakiwa yatoe mapovu muda wote. Yakinyamaza ujue kuna mahali hewa inavuja, labda vimipira vimechomoka puani, labda mtoto kaachama mdomo, labda kuna sehemu pameachia. Ita nesi hapohapo. Usirekebishe mwenyewe hata kama umeona wanavyofanya, please.

Pua nayo iangalie. Vile vimipira vinatakiwa viwe saizi yake, vikiwa vidogo hewa inavuja, vikibana vinachubua kile kiukuta cha katikati ya pua na kidonda cha pale kinaweza kuacha kovu la maisha, kwahiyo ukiona wekundu au weupe usio wa kawaida sema mapema, usiogope kuonekana msumbufu. Mi nilionekana msumbufu na sijali. Tumbo pia huwa linajaa hewa, ndo maana anawekewa mpira wa tumboni kupitia mdomoni ambao unaachwa wazi hewa itoke, na maziwa yako anapewa kwa mpira huohuo. Tumbo likiwa gumu, linang'aa, au anatapika kijani, hiyo ni ya kukimbia kumuita dokta.

Halafu oksijeni, hapa ndo wazazi wengi tunajichanganya. Oksijeni ni dawa na ina dozi. Kile kifaa cha kumulika mguuni kinasoma asilimia ya oksijeni kwenye damu, na kwa njiti aliye kwenye oksijeni wanaitaka kati ya 90 na 95. Nilikuwa nasikia wamama wanamwambia nesi "ongeza kidogo ifike mia", jamani hapana. Mia ukiwa unapumua hewa ya kawaida haina neno, ila mia ukiwa kwenye oksijeni maana yake anaweza kuwa anapewa nyingi kuliko anavyohitaji, na ikizidi kwa muda mrefu inaharibu mishipa ya nyuma ya jicho. Uliza kama oksijeni yake inachanganywa na hewa ya kawaida au ni ya mtungi tupu, na uliza umeme ukikatika wana mpango gani, maana mashine zinazotengeneza oksijeni kutoka kwenye hewa zinazima na umeme. Maswali hayo ukiuliza kwa adabu, tena sio wakati wa zamu kubadilishana, hakuna atakayekufokea. Well, wengine watakufokea. Uliza tu.

Kumbeba kifuani pia usisubiri mpaka mipira itolewe, uliza kama hali yake inaruhusu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliotoka 2021, Muhimbili ikiwa mojawapo ya hospitali zilizoshiriki, ulionyesha njiti walioanza kangaruu mapema kabla hata hali haijatulia walipona wengi zaidi. Ila nesi ndo akusaidie kumhamisha, mipira isichomoke.

La mwisho ni macho. Mtoto akitoka kwenye oksijeni watu mnashangilia mnaenda nyumbani mnasahau, kumbe jicho linatakiwa lipimwe na mtaalamu karibu wiki ya 4 baada ya kuzaliwa, kwasababu likigundulika mapema linatibika na likichelewa anaweza kuwa kipofu. Mwanamuziki Stevie Wonder, alizaliwa njiti 1950, macho yake yalipotea kwa tatizo hilihili la mishipa ya nyuma ya jicho. Wataalamu wa kupima macho ya njiti hawapo kila mkoa, kwahiyo kabla hujasaini karatasi za kuruhusiwa omba barua ya rufaa na tarehe kabisa, na waandike kwenye kadi kwamba alikaa kwenye oksijeni na kwa muda gani, maana huko mbele kila dokta atakuuliza.