Keti na mwanao, mcheze gemu moja ya zamani

Jumamosi moja nilimfuata mwanangu kwenye kibanda cha gemu karibu na steji ya matatu hapa Nakuru. Ana miaka 11. Nilisimama nyuma yake bila yeye kujua. Kwenye skrini alimpiga risasi mtu aliyekuwa tayari ameanguka, akamruka, akamwendea mwingine. Nikamuuliza, "Huyo alikukosea nini?" Akajibu bila kugeuka, "Baba, ngoja nimalize." Jibu hilo liliniuma kuliko ile damu.

Mimi pia gemu zimenilea. Baba mdogo alikuwa na ofisi ya kupiga chapa mjini, kompyuta moja tu, na wateja wakiisha Jumamosi mchana aliniachia kiti. Niliyoipenda kupita zote ni The Secret of Monkey Island, ya mwaka 1990. Kijana Guybrush Threepwood anataka kuwa haramia, na lazima ajue kupigana kwa upanga. Lakini upanga wenyewe si kitu. Ushindi uko mdomoni. Haramia anakuambia unapigana kama mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Ukikosa jibu, unarudi nyuma. Ukilijua, unamwambia ndiyo maana, kwani yeye anapigana kama ng'ombe.

Mchongoano mtupu! Kwa mtoto aliyekulia mchongoano wa uwanja wa shule, na ng'ombe wa Njoro anawajua, gemu ile ilikuwa kama imetungwa mtaani kwetu. Na tusi usilolijua unalipata kwa kushindwa: anayekupiga ndiye anayekufundisha. Nilikuwa na daftari, matusi ukurasa wa kushoto, majibu wa kulia. Kumbe ukifika kwa bingwa wa upanga, matusi yake yote ni mapya, na ni wewe upime ni jibu lipi la zamani litamkaa. Nilikwama hapo wiki tatu. Nilikuwa nikichota maji huku nayapanga kichwani.

Kufa ndani ya gemu ile ni kazi. Guybrush hukaa chini ya maji dakika 10 akiwa amebana pumzi, na ni ukimsahau huko tu ndipo anakufa. Ron Gilbert, aliyeiongoza, hakutaka mchezaji auawe kwa sababu amejaribu kitu.

Sisemi risasi za skrini zitamfanya mtoto muuaji. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilisema ushahidi wa hilo hautoshi, ingawa kuna uhusiano mdogo na ukali kama kufoka na kusukumana. Hofu yangu ni nyingine. Gemu zetu zilitulazimisha kuzungumza na kila tuliyemkuta, maana huenda ndiye mwenye ufunguo. Ile ya kibandani haikumpa mwanangu hata nafasi ya kujiuliza aliyelala pale ni nani.

Kwa hivyo mzazi mwenzangu, kwanza soma namba ya umri kwenye boksi. Ikiandikwa 18, ni 18 kweli, hata kama watoto wote wa ploti wanaicheza. Usikimbilie kupiga marufuku. Mimi nilijaribu, nikavuna uongo wa mwezi mzima. Mpe kitu kingine. Kuna programu ya bure inayoitwa ScummVM, inaendesha gemu hizi za zamani hata kwenye simu ya Android, na Beneath a Steel Sky ya 1994 iliachiwa watu bure tangu 2003. Kiingereza chake ni kingi, basi keti umsomee. Akikwama, funga mdomo. Hilo ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu jibu unalo na mtoto anakutazama machoni. Na majibu ya mtandaoni yasiguswe.

Sisi tulianza hiyo Beneath a Steel Sky likizo ya Aprili. Shujaa wake, Foster, anabeba bodi ya saketi yenye akili ya roboti rafiki yake, Joey, aliyepoteza mwili. Mwanangu alizunguka kiwanda cha ndani ya gemu siku tatu, akiongea na kila mtu, akijaribu kila mlango. Siku ya nne, saa kumi na mbili asubuhi, alinitikisa kitandani: "Baba, kuna roboti mbovu imetupwa kule chini. Tumtie Joey ndani yake!"

Nilikwenda kutafuta chaja.