Wasomaji Wanauliza: Je, Daraja la Biashara Lina Maana kwa Safari ya Saa Moja?

Barua za toleo hili zote zinamhusu abiria anayeruka kwa saa moja au mbili kati ya miji ya Asia, huku akijiuliza kama alipie daraja la biashara au akae na wenzake nyuma ya pazia.

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi ujao nitasafiri kikazi kutoka Singapore kwenda Kuala Lumpur na kurudi baada ya siku mbili. Nauli ya daraja la biashara ni karibu mara tatu ya ile ya daraja la kawaida, na mwajiri wangu yuko tayari kulipa nusu ya tofauti hiyo. Safari yenyewe ni ya saa moja na dakika chache. Je, nitapata nini hasa kwa fedha hizo, au nitakuwa nimelipia pazia tu?

JIBU: Ndugu msomaji, njia uliyoitaja ndiyo inayoonyesha udhaifu wa daraja hili kuliko nyingi nyingine. Kutoka Singapore hadi Kuala Lumpur kwa ndege ni kama kilomita 300. Ratiba huandika saa moja na zaidi, lakini muda huo unajumuisha ndege kujikokota kutoka langoni hadi kwenye njia ya kurukia, na kujikokota tena baada ya kutua; hewani utakuwa kwa dakika 45 hivi. Sehemu kubwa ya dakika hizo ndege huwa inapaa au inajiandaa kutua, na wakati wa kuruka na wa kutua kiti hutakiwa kuwa wima na meza kukunjwa. Kinachobaki katikati ni kipindi kifupi ambacho mhudumu hutandika kitambaa juu ya meza yako, huleta trei yenye kitafunwa na kinywaji, kisha hurejea kuichukua kabla taa ya mikanda haijawaka tena. Anayekula taratibu huenda asimalize kahawa yake.

Kuhusu kiti, mashirika ya Asia yanastahili sifa. Katika safari fupi za Ulaya, daraja la biashara kwa kawaida ni kiti kile kile cha abiria wote, ila cha katikati huachwa wazi. Mashirika makubwa ya Asia hayakufuata mtindo huo. Ndege za Boeing 737-8 za Singapore Airlines, ambazo vyumba vyake vipya vilizinduliwa mwaka 2021, zina viti 10 tu vya daraja la biashara, na kila kimoja hulala kikawa kitanda kamili, ingawa ndege yenyewe ni ndogo na ina korido moja. Boeing 737 za Malaysia Airlines zina viti vipana, viwili kila upande, ambavyo huegemea nyuma bila kuwa kitanda. Wakati mwingine Singapore Airlines hupeleka Kuala Lumpur ndege kubwa zaidi kama Boeing 787-10, yenye viti 36 vya biashara vilivyopangwa ili kila abiria afike koridoni bila kumruka jirani. Haya yote ni mazuri, lakini thamani ya kitanda hutokana na saa za kulala, na wewe huna hata saa moja ya kulala.

Kwa hiyo faida ya tiketi hii, kama ipo, utaikuta uwanjani: kaunta ya pekee ya kukabidhi mizigo, uzito mkubwa zaidi wa mizigo (Singapore Airlines hutoa kilo 40 kwa abiria wa daraja la biashara), ukumbi wa mapumziko wenye chakula, kupanda ndege mapema, na mzigo kuwekewa kibandiko cha kutangulia kwenye mkanda. Usizihesabu zote kwa thamani moja. Kwako wewe unayekwenda kwa siku mbili, bila shaka na begi la mkononi tu, kilo 40 na kibandiko havina kazi. Changi, uwanja wa ndege wa Singapore, nao una tabia yake ambayo abiria wengi huigundua wakiwa wamechelewa: katika majengo ya 1, 2 na 3 ukaguzi wa usalama hufanyika kwenye lango la kuondokea, si mara tu baada ya uhamiaji. Maana yake ni kwamba hata ukiwa umeketi ukumbini kwa raha, itakubidi uinuke mapema kuliko ulivyotarajia, kwa sababu mbele yako kuna foleni ya mashine ya kukagulia mizigo ambayo abiria wote wa ndege yako wanaipitia, na baada ya hapo unaingia katika chumba cha kusubiri ambacho huenda hakina hata choo. Uhamiaji wa Singapore una milango ya kujihudumia, na foleni yake mara nyingi ni fupi kwa kila mtu. Aidha, daraja la biashara halikuondolei wajibu wa kujaza fomu za kuingilia kwa mtandao, ile ya Malaysia unapokwenda na ile ya Singapore unaporudi, kila moja ndani ya siku tatu kabla ya kufika.

Liko jambo moja ambalo lingenifanya nisite kukukataza, nalo ni uhuru wa kubadilisha ndege. Mkutano wa kikazi huisha mapema au huchelewa, na katika njia hii ndege ni nyingi kuanzia alfajiri hadi usiku, hivyo tiketi inayokuruhusu kuhamia ndege nyingine bila faini ina manufaa ya kweli. Hata hivyo, hapo ndipo hesabu yako ya mara tatu inapokosea. Umelinganisha daraja la biashara na tiketi ya bei ya chini kabisa ya daraja la kawaida, ambayo kwa kawaida haibadilishwi bila malipo. Ilinganishe na tiketi ya daraja la kawaida inayobadilishwa, na uangalie pia kwamba tiketi ya biashara unayoonyeshwa si ile ya bei ya punguzo ambayo nayo ina faini zake. Baada ya ulinganisho huo utaona unachonunua hasa ni mlo, ukumbi na kiti kipana kwa dakika 45.

Ushauri wangu ni huu: nenda kwa daraja la kawaida asubuhi, wakati hujachoka na bado una kifungua kinywa tumboni. Ukitaka kutumia mchango wa mwajiri, utumie kwenye safari ya kurudi peke yake, kwa kuwa mashirika mengi huruhusu madaraja mawili tofauti katika tiketi moja ya kwenda na kurudi. Jioni hiyo utatoka mjini kwa treni ya KLIA Ekspres, ambayo hutoka KL Sentral na kufika Jengo la 1 la uwanja kwa dakika 28, utakula chakula cha jioni ukumbini kwa utulivu, na utapanda ndege bila haja ya kula tena. Wapo pia wanaokataa ndege kabisa na kupanda mabasi ya kifahari yenye viti vitatu tu kwa safu, ambayo hutumia saa tano au sita mlango kwa mlango. Ukijumlisha treni, uwanja na foleni, tofauti ya muda si kubwa kama ratiba ya ndege inavyodai.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi na mume wangu tutatoka Hong Kong kwenda Taipei, na wiki moja baadaye tutaruka usiku kutoka Hanoi hadi Ho Chi Minh City. Tumesikia kwamba viti vya daraja la biashara hutofautiana hata ndani ya shirika moja. Tutajuaje tutakachopewa kabla ya kulipa?

JIBU: Mmesikia kweli, mama, na dawa yake ni kusoma aina ya ndege, ambayo huandikwa kwa herufi ndogo kando ya namba ya safari. Cathay Pacific, kwa mfano, hutumia kati ya Hong Kong na Taipei ndege za aina mbalimbali kwa siku moja. Ukiona Airbus A321neo, jua ni ndege ya korido moja yenye viti 12 vya biashara, viwili kila upande, vinavyoegemea tu. Ukiona A350, ni ndege ya korido mbili, yenye viti vinavyolala kabisa. A330 ndiyo ya kuangaliwa vizuri, kwa sababu shirika hilo lina A330 zenye vitanda na nyingine zenye viti vya kuegemea. Kwa hiyo fungueni ramani ya viti kabla ya kulipa: mkiona safu ina kiti kimoja dirishani, viwili katikati na kimoja dirishani, hicho ni kitanda, mkiona viwili viwili vimegusana hadi dirishani, kwa ndege kama hizi mara nyingi ni kiti cha kuegemea. Nyinyi wawili chagueni jozi ya katikati, vinginevyo mtasafiri kila mmoja na dirisha lake.

Safari hiyo ina umbali wa kilomita 800 hivi na hupewa kama saa mbili kwenye ratiba, kwa hiyo muda wa kupata mlo kamili upo. Msile sana kabla, isipokuwa kama mnapenda supu ya tambi, ambayo katika ukumbi wa The Pier wa Cathay pale Hong Kong hupikwa mbele ya mteja na kuletwa ikiwa bado inatoa mvuke. Ukumbi huo uko mbali ndani ya jengo, karibu na lango namba 65, hivyo tazameni kwanza ndege yenu inaondokea wapi.

Safari ya Vietnam ndiyo ambayo ningeilipia bila kusita. Hanoi na Ho Chi Minh City zimetengana kwa zaidi ya kilomita 1,100, muda ni saa mbili na dakika kidogo, na kwa kuwa njia hiyo ina abiria wengi mno, Vietnam Airlines huitumia Airbus A350 na Boeing 787, yaani ndege zile zile zinazokwenda mabara mengine. Usiku, katika A350, mtapata kitanda na zaidi ya saa nzima ya kukilalia. Safari nyingine za njia hiyo hiyo hutumia A321 yenye viti vya kuegemea, kwa hiyo chagueni saa ya kuondoka kwa kufuata aina ya ndege. Msichanganye pia na tiketi ya SkyBoss ya shirika jingine la huko, VietJet, katika ndege za korido moja: hiyo hukupa ukumbi, kaunta ya pekee na safu za mbele, lakini kiti ni cha kawaida.

Onyo moja: shirika likiuza tiketi huahidi daraja, haliahidi aina ya kiti. Ndege ikiharibika au abiria wakipungua, hubadilishwa, na hamtakuwa na dai. Tazameni tena aina ya ndege siku mbili kabla, maana wakati huo huenda bado kuna nafasi ya kuhamia safari nyingine.

SWALI: Nimepokea barua pepe kutoka kwa shirika la ndege ikinialika nitaje kiasi ninachoweza kuongeza ili nihamishiwe daraja la biashara. Je, ni mtego?

JIBU: Si mtego, ni mnada, na mnadi ndiye anayejua kuna viti vingapi vitupu. Mashirika mengi ya Asia hufanya hivyo, yakiwemo Singapore Airlines na Malaysia Airlines. Unataja kiasi kwa kila abiria na kwa kila kipande cha safari. Kikikubaliwa, kadi yako hukatwa papo hapo na kwa kawaida fedha hazirudi. Kabla ya kutaja chochote, tafuta nauli ya daraja la biashara inayouzwa siku hiyo, utoe nauli uliyokwisha kulipa, na tofauti hiyo iwe dari ambayo hutaikaribia. Kile kipimo cha rangi kinachosema ombi lako ni dhaifu au imara kimewekwa na muuzaji, hivyo kichukue kama maneno ya muuzaji. Kwa safari ya saa moja ningeanza na kiwango cha chini kabisa na kuishia hapo. Soma pia masharti kuhusu ukumbi na uzito wa mizigo, kwa sababu mashirika hayafanani: mengine hukupa haki zote za daraja jipya, mengine hukupa kiti na chakula tu.

SWALI: Katika safari ya ndani ya Japani, kutoka Tokyo kwenda Sapporo, nimeona kitu kinaitwa Class J. Je, ndilo daraja la biashara?

JIBU: Hapana, ni daraja la kati la Japan Airlines, lililoanzishwa mwaka 2004 kwa nyongeza ya yeni 1,000 tu juu ya nauli ya kawaida. Siku hizi nyongeza hutofautiana kulingana na safari. Unapata kiti kipana zaidi na nafasi ya miguu, bila ukumbi wa mapumziko. Ukitaka ukumbi na mlo, angalia daraja la kwanza la shirika hilo hilo au Premium Class ya ANA, shirika jingine la Japani. Kwa safari ya saa moja na nusu, naiona Class J kuwa ununuzi wenye busara kuliko yote yaliyotajwa katika ukurasa huu.

SWALI: Mimi ni Mwislamu. Je, katika safari fupi hizi naweza kuomba chakula halali, au muda ni mfupi mno?

JIBU: Kwa Malaysia Airlines huna haja ya kuomba, kwa kuwa chakula chao chote ni halali. Kwa mashirika mengine omba mlo wa Kiislamu unapokata tiketi, au angalau saa 24 kabla ya kuondoka, ukijua kwamba katika safari fupi sana baadhi ya milo maalumu haitolewi na unaweza kupewa kitafunwa kile kile cha wote. Ukishaomba, muulize mhudumu wa kaunta unapokabidhi mzigo kama ombi limeingia kwenye orodha ya ndege yako, kwa sababu ukibadilisha safari ombi la awali huweza kubaki nyuma.